Sampuli Tupu

Kabla hujaishitaki chupa, jishitaki.
Ndivyo alivyonifunza Bi Chiu Yueh-o
mwaka wangu wa kwanza katika maabara hii ya Tainan,
akinivua glavu kidole kwa kidole
kama anayemvua mtoto soksi zilizolowa.
Glavu ni plastiki. Mpira wa gesi ni plastiki.
Losheni uliyojipaka asubuhi, koti lako la mvua pale msumarini,
hata vumbi la sakafu,
vyote vina kile tunachokitafuta.
Nyani haoni kundule;
kazi yetu sisi huanzia huko.

Usiku ule nilitumwa kutafuta kihifadhi,
kihifadhi tu, katika juisi ya laichi,
sampuli namba thelathini na moja.
Mashine ikavuta tone lake, ikanyamaza,
mstari ukatembea kwenye skrini chini kwa chini
kama mdeni apitaye mlango wa mdai.
Dakika ya kumi na saba ukasimama wima.

Sikuagizwa kilele hicho.

Nikasema: ni mimi.
Nikatupa glavu. Nikanawa mikono hadi ikawa migeni kwangu.
Nikasuuza vyombo vya kioo kwa heksani,
nikavioka kwa nyuzi mia nne, saa nne nzima,
na joto la Julai nalo likiwa limekaa kitako chumbani.
Nikatoka ukumbini, nikaitumbukizia sarafu mashine ya vinywaji,
nikanywa kitu baridi nikiwa nimeegemea ukuta.
Kisha nikatengeneza sampuli tupu:
hatua zilezile, vyombo vilevile, pasipo juisi.
Mara ya kwanza maishani niliomba nipatikane na hatia.

Mstari ulilala kama maji ya beseni.

Nikairudia thelathini na moja.
Kilele kilekile, dakika ileile,
kirefu hata kichwa chake kikatoka nje ya karatasi.

Pengine kifuniko? Lakini kifuniko hunong'ona,
na hiki kilikuwa kinapiga kelele.
Kinachovuja huja kidogo kidogo, kwa aibu.
Hiki mtu alikipima kwa kijiko.

Bi Chiu aliingia saa kumi na moja alfajiri,
kofia ya pikipiki kwapani. Akasoma amesimama.
"Juisi ya kweli ukiiacha hutuama," akasema,
"maji juu, nyama ya tunda chini.
Mnunuzi hapendi kuiona hivyo.
Anataka ukungu usiotua,
kana kwamba tunda limekamuliwa sasa hivi mbele yake.
Ukungu huo hutengenezwa kwa mafuta ya mawese.
Mawese yana bei."
Hakumalizia. Aliifungua kofia, akaifunga tena.

Kitu chenyewe huitwa kilainishi.
Hulainisha bomba, ndara, pazia la bafuni.
Na hivi navyo huitwa vinywaji laini.
Nikacheka peke yangu, kicheko kikanikwama:
lugha ilikuwa imeungama kabla yetu.

Saa mbili akapiga simu Meneja Tseng,
sauti yake nayo laini.
Mteja amelipia kihifadhi, akasema. Andika kihifadhi.
Kilele ambacho hakuna aliyekiuliza si jibu.
Bi Chiu aliipokea simu mkononi mwangu,
akasikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu,
akakata,
akachukua kalamu ya wino
akaandika kile kilele kwa mkono chini ya ripoti,
na jina lake ubavuni, lote,
herufi zake zikiwa kubwa kuliko kawaida.

Nilipoinamia ndoo kutupa glavu za usiku
niliiona chupa yangu ya ukumbini.
Nikaigeuza, nikasoma kibandiko.
Laichi. Kiwanda kilekile.

Bi Chiu aliniangalia, hakusema neno.
Nikachukua kikombe cha kioo kilichookwa,
nikakiandika thelathini na mbili,
nikaelekea msalani.